Nimepata leseni ya redio ya ridhaa: naanzaje mawasiliano ya paketi hapa Mwanza?

Mwalimu_Nyegezi

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa fizikia, naishi Nyegezi. Leseni yangu kutoka TCRA imetoka hivi karibuni. Nina Baofeng UV-5R moja, laptopu ya zamani yenye Windows 10, na chuma cha kulehemu ninachokijua vizuri. Rafiki yangu wa chuo yupo Nansio, Ukerewe, naye ana leseni yake.

Ninachotaka ni paketi. Niandike sentensi hapa, itokee kwenye kioo chake kule, bila laini ya simu wala bando. Mvua kubwa zikianza huku mtandao wa simu hukatika mara kwa mara, na napenda wanafunzi wangu waone kwamba herufi zinaweza kusafiri hewani kwa vitu vilivyopo mezani.

Nimesoma sana. Nakutana na AX.25, APRS, KISS, TNC, digipita, na kila anayeeleza anaanzia katikati kana kwamba msomaji amezaliwa anajua. Naomba mwenye subira aniambie mambo haya. Je, ni lazima ninunue boksi la TNC au laptopu inatosha? Nikiweka 144.800 MHz sisikii kitu usiku na mchana. Ni redio au hakuna watu? Na wati tano zitafika Nansio?

Jingine: mjomba wangu ana mitumbwi ya dagaa, huvua usiku upande wa Ukara. Nilifikiria kuweka kifaa cha APRS kwenye kila mtumbwi nione ulipo, halafu wawe wananitumia bei ya mwaloni asubuhi. Mnaonaje?

Fundi_Bwiru

Mwalimu, karibu sana. Nimetengeneza redio za meli humu ziwani kwa miaka mingi, sasa nimestaafu, na paketi ndiyo kazi ya mikono ninayoipenda kuliko zote. Niruhusu nijibu kwa urefu.

Naanza na la mjomba kwa sababu hilo ndilo linaloweza kukunyang'anya leseni. Usifanye. Kanuni za Redio za ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, zinaieleza huduma ya ridhaa kuwa ni ya kujifunza, kuwasiliana na kuchunguza mambo ya kiufundi, kwa watu wenye idhini, bila maslahi ya fedha. Bei ya dagaa ni fedha. Na wale vijana wa mitumbwini hawana leseni. Mjomba anahitaji redio ya majini ya VHF yenye chaneli 16, yaani 156.8 MHz, ambayo ndiyo masafa ya kimataifa ya kuitana na kuomba msaada majini, kwa kibali chake yeye mwenyewe, pamoja na jaketi okozi kwa kila mvuvi. Sisi tuliokuwepo Mwanza Mei 1996, MV Bukoba ilipozama, hatuwezi kusema "tujaribu tuone" juu ya uhai wa mtu aliye majini. Paketi za ridhaa hazina mtu aliyeajiriwa kukesha akizisikiliza. Kanuni hizohizo zinazihimiza nchi ziwaruhusu watu wa ridhaa kujiandaa kusaidia mawasiliano wakati wa maafa, na hilo nalitaka sana kwa kanda yetu, ila maandalizi hayo ni kazi yetu sisi wenye leseni, tukizungumza wazi. Wazi kwelikweli: usifiche maana ya ujumbe kwa msimbo wa siri, nalo hilo halikubaliki kwenye ridhaa.

Sasa furaha yenyewe.

Boksi la TNC usinunue. Lilikuwa la lazima miaka ya 1980, kompyuta za nyumbani zilipokuwa dhaifu. Kundi la TAPR la Tucson, Arizona, lilitoa TNC-2 yake mwaka 1985, na boksi hilo likaigwa dunia nzima. Lakini kazi yake ni mbili tu: kugeuza biti ziwe milio na milio iwe biti, kisha kupanga biti hizo kwenye fremu, yaani vifurushi vyenye anwani, kwa utaratibu unaoitwa AX.25. Kazi zote mbili laptopu yako inazifanya kupitia kadi yake ya sauti. Pakua Dire Wolf, ni programu ya bure inayofanya kazi ya TNC. Programu nyingine za kuandikia ujumbe huungana nayo kupitia mlango namba 8000 au 8001 ndani ya kompyuta hiyohiyo.

Milio yenyewe ni miwili, ya Hz 1200 na Hz 2200, ikibadilishana kwa kasi ya biti 1200 kwa sekunde. Ukiisikia hewani ni mpasuko mfupi, kama mtu anachana kanga mpya. Fremu inaanza na alama yake ya kufungulia, halafu kolisaini (jina la kituo hewani) ya anayetumiwa, kolisaini ya mtumaji, kolisaini za vituo vya kupokezana kama vipo, baiti mbili za kuonyesha aina ya fremu, kisha maneno yenu, na mwisho baiti mbili za ukaguzi. Chukua sentensi ya herufi 60 bila kituo cha katikati. Ukijumlisha kila kitu ni kama baiti 80, yaani biti 640, na hewani inachukua takriban nusu sekunde. Ongeza theluthi ya sekunde ya kuipa redio muda wa kuamka. Sekunde moja haijaisha na ujumbe umefika. Hiyo ndiyo sababu mimi sijawahi kuchoka na kasi ya 1200 ambayo vijana wanaicheka.

Zile baiti mbili za mwisho uzielewe vizuri kabla ya jambo jingine lolote. Mpokeaji anakokotoa upya, akilinganisha na zilizokuja. Biti moja tu ikiharibika njiani, fremu nzima inatupwa, kimya kimya, bila kukuambia. Kwenye sauti ya kawaida mtu akikwaruza kidogo bado unamwelewa. Kwenye paketi hakuna nusu. Kwa hiyo utaisikia paketi kwa sikio lako, kubwa na safi, na kioo kibaki kitupu. Anayeanza hudhani programu ni mbovu, anaifuta, anaweka nyingine, anapoteza wiki. Mara nyingi kabisa tatizo ni kiwango cha sauti kinachoingia kwenye laptopu. Dire Wolf ikipokea fremu inaandika kiwango hicho, nayo inashauri kiwe karibu na 50. Kikizidi sana mawimbi yanakatwa vichwa. Kikiwa chini sana yanazama kwenye kelele. Weka sauti ya redio mahali pamoja, uitie alama kwa kalamu, kisha urekebishe kwenye kompyuta.

Kuhusu kimya cha 144.800: hayo ndiyo masafa ya APRS, yaani paketi fupi za kutangaza mahali na habari kwa yeyote anayesikia, upande wetu wa dunia, Afrika tukiwa kwenye Kanda ya 1 pamoja na Ulaya. Wamarekani wao wako 144.390, usichanganywe na video zao. Mimi mwenyewe nikiiacha wazi hapa Bwiru nasikia mvumo mtupu siku hata siku. Redio yako ni nzima. Hakuna watu.

Kwa hiyo usianzie hapo. Anzia 145.825 MHz, usikilize kituo cha anga cha kimataifa. Kina redio ya ridhaa ndani yake inayopokea paketi na kuzirusha tena kwenye masafa hayohayo. Kiko juu ya ardhi kwa takriban kilomita 400 na kinapita juu ya ziwa letu mara kadhaa kwa siku, kila mpito ukichukua dakika 10 hivi kikipita karibu na utosini. Saa za mpito utazipata kwenye tovuti ya Heavens-Above ukiweka mahali pako ni Mwanza. Chagua mpito unaopanda juu ya nyuzi 40, toka nje, simama pasipo na mwamba wala bati mbele yako. Kwa antena ya redio yenyewe unaweza kusikia, ila ukitengeneza antena ndogo ya Yagi, ile ya kuelekezwa upande mmoja, ya vipande vitatu kwa futi ya chuma ya mafundi seremala utasikia vizuri zaidi. Masafa yatahama kidogo kwa sababu kile kituo kinakuja kisha kinaondoka, mpaka kilohezi 3.5 hivi kila upande, lakini kwa FM pana hilo halisumbui. Acha 145.825, usifuatilie. (Wanafunzi wako wa fizikia wape hesabu hiyo ya Doppler: kasi ni kilomita 7.66 kwa sekunde. Somo linajifundisha.)

Kabla hujatoka, fungua menyu ya Baofeng. Namba 3, SAVE, weka OFF. Namba 7, TDR, weka OFF. Ya kwanza inailaza redio kidogo kidogo kutunza betri, ya pili inairukisha kati ya masafa mawili. Zote mbili zinakula kichwa cha paketi. Skwelchi, ile inayonyamazisha mvumo pasipo na mawimbi, iweke 0, mvumo uingie wakati wote, kwa sababu skwelchi ya redio hizi huchelewa kufunguka.

Ukiona fremu zinatokea kwenye kioo, rudi hapa tuzungumze waya wa kurushia. Usirushe kitu kabla ya hapo. Mtu aliyezoea kupokea anajua paketi nzuri ikoje, na akianza kurusha atajua yake ina kasoro gani.

Jirani_Kisumu

Salamu kutoka ng'ambo ya pili ya ziwa. Mzee wa Bwiru amesema yote ya msingi, naongeza mawili.

Mwalimu, kama kubeba laptopu uwanjani ni taabu, weka APRSdroid kwenye simu ya Android. Inapokea milio kupitia maikrofoni ya simu yenyewe: shikilia spika ya redio karibu na simu, mahali pasipo na upepo. Si njia bora, mazungumzo ya watu pembeni yanaharibu fremu, lakini fremu yangu ya kwanza kutoka angani niliipata hivyo.

La pili ni kusoma mstari unaotokea. Ukiona kolisaini ya kituo cha anga, RS0ISS au NA1SS, ikifuatiwa na nyota, ile nyota maana yake paketi imepita kwake na yeye ndiye unayemsikia, si mtumaji wa mwanzo. Mtumaji anaweza kuwa mbali mno. Kituo kikiwa juu yetu kinaona duara la zaidi ya kilomita 2000 kila upande, kwa hiyo mtu wa Mwanza na mtu wa Afrika Kusini wanaweza kuandikiana kupitia kwake kwa dakika chache. Siku ya kurusha, kwenye njia, yaani pale unapotaja kituo cha kuirudia paketi yako, andika ARISS, usiandike WIDE1-1 ya vituo vya ardhini. Na tuma mara chache. Dakika zile 10 ni za watu wote walio chini ya duara lile, na ukirusha kila sekunde kadhaa unawafunika wenzako ambao huwasikii.

Angalia pia kama redio ya kule juu imewekwa kwenye paketi siku hiyo. Huzimwa wakati wa kazi za nje ya chombo au vyombo vinapotia nanga, na wakati mwingine huwekwa kwenye kazi ya kurusha sauti.

Mwalimu_Nyegezi

Wazee wangu, shikamooni, na asanteni kwa moyo huo. Fundi, la mjomba nimelielewa na nimeshamweleza. Hakufurahi, lakini ameuliza redio ya majini inapatikana wapi, nadhani hilo ni jambo jema.

Jana jioni nilipanda mwambani nyuma ya nyumba na wanafunzi watatu. Mpito ulikuwa wa nyuzi 60 na kitu. Mistari ilitokea! Mmoja una RS0ISS yenye nyota, na kolisaini inayoanza na 5Z4, yaani Kenya. Wanafunzi walipiga kelele hadi majirani wakatoka.

Ila nilisikia mipasuko mingi kuliko mistari iliyotokea. Zilizotokea zina kiwango cha 140 hadi 180, na programu inaandika kwamba sauti imezidi. Nilipunguza sauti ya redio hadi karibu na mwisho, ikabaki vilevile. Nifanye nini? Na sasa nipeni huo waya wa kurushia.

Fundi_Bwiru

Marahaba mwalimu, na hongera. Wape salamu hao watatu.

Tundu la maikrofoni la laptopu limetengenezwa kwa sauti ndogo sana, na tundu la spika la redio linatoa kubwa. Ukishusha kitufe cha redio karibu na sifuri, unafika mahali ambapo kinakwaruza na hakishiki kiwango. Kwanza nenda kwenye mipangilio ya sauti ya Windows, tafuta ongezeko la maikrofoni, ile ya desibeli 20 au 30, uiondoe kabisa. Zima pia kila kitu kinachojiita cha kupunguza kelele au kusafisha sauti, maana kinadhani milio yetu ni kelele na kinaikata. Ikibaki juu, weka rezista mbili: ya kilo-ohm 10 mfululizo na ya kilo-ohm 1 kutoka hapo hadi ardhi ya waya. Umegawanya kwa 11. Rudisha kitufe cha redio katikati.

Kuna jambo dogo la kuangalia baadaye. Mbele ya ile namba ya kiwango Dire Wolf inaweka mabano yenye namba mbili, nguvu ya kila mlio. Ukipitia tundu la spika, mlio wa 2200 hutoka dhaifu kuliko wa 1200, kwa sababu redio imepunguza sauti za juu ili usemi uwe mzuri sikioni. Tofauti kidogo ni kawaida. Moja ikiwa mara nne ya nyingine, tafuta sababu kwenye waya wako.

Waya wa kurushia sasa. Mlango wa pembeni wa Baofeng una matundu mawili, la milimita 3.5 na la 2.5, mtindo wa Kenwood. Nunua kipaza sauti cha bei rahisi cha Baofeng, kikate waya, upate plagi yenye nyaya zake tayari, halafu uzipime kwa mita moja baada ya nyingine ujue ipi ni ya nini. Usiamini rangi. Ni uchawi wa kiwanda, kila mzigo una rangi zake.

Sauti kutoka laptopu kwenda redio inahitaji kupunguzwa sana. Laptopu inaweza kutoa karibu volti 1, maikrofoni ya redio inataka milivolti chache. Rezista ya kilo-ohm 100 mfululizo, kisha ya kilo-ohm 1 hadi ardhini, unabaki na sehemu moja ya mia. Katikati weka transfoma ndogo ya sauti ya uwiano wa 1 kwa 1, ohm 600 kila upande. Modemu za zamani za simu ya mezani zinazo ndani, uliza kwa mafundi wa vifaa chakavu, wengi wanaziuza kama takataka. Transfoma hiyo inatenganisha ardhi ya laptopu na ardhi ya redio, na kukuondolea ule mvumo unaoingia laptopu ikiwa kwenye chaji.

Kuibonyeza redio irushe: wengi watakuambia tumia VOX, redio ijifungue ikisikia sauti. Kwa APRS ya kubahatisha inapita. Kwa mnachotaka ninyi, mtu na mtu, haifai. VOX inachelewa kufungua, kichwa cha fremu kinapotea. Ubaya zaidi ni mwishoni, kwa sababu inachelewa kufunga. Rafiki yako wa Nansio ameshapokea na kompyuta yake imejibu papo hapo "nimepata", lakini redio yako bado inarusha ukimya wake na haikusikia jibu. Laptopu yako inarudia fremu ileile, na mtakaa hivyo. Tumia waya wa USB wa kwenda siriali, ule mstari wa RTS, upitishe kwenye optokapla (swichi ndogo inayoendeshwa kwa mwanga) kama PC817, nayo ndiyo iunganishe kitufe cha kurushia na ardhi. Kwenye faili la mipangilio la Dire Wolf unaandika PTT COM3 RTS, ukibadilisha 3 kwa namba ya mlango wako. TXDELAY, ule muda wa kuipa redio iamke, anza na 40, yaani milisekunde 400, ushushe taratibu hadi mwenzako aanze kupoteza, kisha upandishe hatua moja.

Kinachonivutia kwenye mawasiliano ya kuunganishwa, mtu na mtu, ni adabu yake. Kituo chako kinabisha hodi kwa fremu inayoitwa SABM. Cha mwenzako kinajibu UA, mlango umefunguliwa. Kuanzia hapo kila fremu ya maneno ina namba, kuanzia 0 hadi 7 na kurudi 0, na mpokeaji anathibitisha hadi namba aliyofika. Ikipotea ya 3, inaombwa ya 3. Mkimaliza mnaagana kwa DISC. APRS haina mambo haya. Yenyewe inapaza sauti barabarani na kuendelea na safari, anayesikia asikie. Ndiyo maana ninakushauri uanze na mawasiliano ya kuunganishwa hata kama dunia nzima siku hizi inaongea APRS. Utafundisha wanafunzi kitu chenye mwanzo na mwisho.

Tafadhali fanya majaribio ya kwanza ukiwa na redio ya pili chumba cha jirani, nguvu ya chini kabisa. Nansio isubiri.

Mkerewe_Nansio

Mimi ndiye huyo rafiki. Shikamoo mzee Fundi. Nimefuatilia yote na waya wangu uko mezani.

Swali langu ni la umbali. Sauti tulijaribu na Mwalimu, yeye Nyegezi nyumbani, mimi hapa juu ya paa. Hakuna hata mkwaruzo. Antena yangu iko kwenye bomba la mita 9. Tukiongeza nguvu tutafika? Kuna mtu anauza kikuza nguvu cha wati 40.

Fundi_Bwiru

Marahaba mwanangu. Usinunue hicho kitu, wati hazipindi dunia.

Piga hesabu hii. Chukua kimo cha antena kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.12, unapata kilomita ambazo mawimbi ya VHF yanaziona kabla ardhi haijajikunja. Fanya kwa kila upande, ujumlishe. Wewe mita 9, kipeuo ni 3, unapata kilomita 12.4. Mwalimu naye akiweka mita 9, mnapata karibu kilomita 25 kwa pamoja. Nyegezi hadi Nansio ni zaidi ya kilomita 50 kwa mstari ulionyooka. Mko nusu ya njia, na katikati kuna vilima vyote vya jiji na nchi kavu ya Ilemela kabla ya kufika maji ya Ghuba ya Speke.

Sasa muweke mtu kwenye kilele chenye mita 100 juu ya maji, tuseme upande wa Isamilo. Kipeuo ni 10, kilomita 41. Jumlisha na zako 12.4, ni 53 na ushei. Kutoka huko juu hadi Nansio ni karibu 50. Inafika, kwa shida, kama hakuna mgongo wa kilima unaoziba, na hilo mlikague kwenye ramani yenye vimo kabla ya kupanda na vyuma. Juu ya maji njia ni safi, hilo linasaidia.

Kwa hiyo mnahitaji digipita kilimani. Anapokea fremu, anaangalia kama njia imemtaja yeye, anairudia. Laptopu haihitajiki, kompyuta ndogo kama Raspberry Pi inaendesha Dire Wolf bila kulalamika kwa paneli ya sola na betri. Ulizeni TCRA kwanza kuhusu kituo kisicho na mtu. Ofisi ya kanda ipo hapahapa Mwanza, nendeni kwa miguu yenu na maelezo yaliyoandikwa vizuri.

Mkishafika hapo mtakutana na tatizo ambalo jiji hili la mawe limelipata kwa maumbile. Mtu wa Nyegezi na mtu wa Kirumba wote wanamsikia digipita, lakini wao kwa wao hawasikiani, mwamba umewatenganisha. Kila mmoja anasikiliza kabla ya kurusha, anakuta kimya, anarusha. Fremu mbili zinagongana kilimani na zote zinakufa. Jambo hili lilichunguzwa tangu Hawaii mwaka 1971, kwenye mtandao wa ALOHA uliounganisha visiwa kwa redio. Hesabu ilionyesha kwamba watu wakirusha ovyo bila kusikilizana, kinachofika salama hakizidi asilimia 18 ya uwezo wa njia. Visiwa vile na visiwa vyetu vina shida moja. Dawa ni fremu fupi na kurusha kwa nadra. Kituo cha nyumbani kisichotembea kikitangaza mahali pake kila nusu saa kinatosha kabisa.

Kuhusu antena: fimbo moja ya sentimita 49 juu na nne za sentimita 52 zikiinama chini, kila mmoja wenu anaweza kuitengeneza leo. Waya wa antena, msihangaike na RG-58 mkiwa na urefu wa mita 15, itakula karibu nusu ya nguvu. Chukueni RG-6 ya dishi la televisheni, ipo kila duka, na kwa desibeli hasara yake ni kama nusu tu ya hasara ya RG-58. Ni ya ohm 75 wakati redio inataka 50, lakini hiyo ni tofauti ya 1.5 kwa 1, redio itaivumilia.

Na radi. Nyote wawili mnaujua usiku wa ziwa hili. Mwambani nguzo ya ardhi haishuki, utapiga nyundo hadi ipinde. Tandaza nyaya za shaba ndefu kwenye udongo ulio kati ya mawe, na kila jioni mawingu yakikusanyika chomoa antena, uitoe nje ya nyumba.

Mwalimu_Nyegezi

Fundi, swali moja la mwisho kwa leo. Wakati tunasubiri mambo ya kilima, kuna njia nyingine ya kumfikia huyu wa Nansio kwa paketi bila kituo cha katikati?

Fundi_Bwiru

Ipo, kama leseni zenu zinaruhusu HF, yaani masafa ya chini ya 30 MHz, na mkipata redio ya SSB (aina ya urushaji inayotumika huko badala ya FM) ya kuazima. Mchana, 7 MHz, antena ya waya yenye mbawa mbili za mita 10 kila moja, ifungwe chini, mita 4 au 5 tu kutoka ardhini. Mawimbi yatapanda karibu wima na kushuka pande zote, vilima havina habari nayo. Kasi huko inashuka hadi biti 300 kwa sekunde, na kwenye Dire Wolf unaandika MODEM 300. Mtapaswa kulinganisha masafa yenu kwa makumi ya hezi, kwa hiyo anzeni kwa sauti, mkisikiana vizuri ndipo mwingie kwenye paketi.

Hiyo redio ya SSB ninayo moja hapa Bwiru. Mwalimu, njoo Jumamosi baada ya saa nne na hao wanafunzi, uje na waya wako wa kurushia tuupime kwa mita kwanza.